Beseni za Rangi ya Majani

Papa yangu alipaka siku moja mutumbwi wake rangi ya majani, na ile rangi ikamuletea mateso ya mwaka muzima.

Ni zamani sana, upande wa Yanonge. Mimi nilikuwa mutoto wa kuvaa shati bila suruali. Bato moja kubwa ya chuma, meli ya mutoni, ilikuwa imeharibika injini, ikafungwa kwetu siku nyingi, na wale watu wa ndani, kwa kukosa kazi, wakaanza kuipaka rangi ubavuni. Walipoondoka waliacha ndoo nusu. Papa akaichukua. Kwetu mitumbwi yote inafanana, muti uliolowa maji, hujui huu ni wa nani mpaka mwenyewe akaribie umuone uso. Papa akapaka wake ndani na nje, hata kasia akaipaka. Akasimama nyuma, akasema: "Sasa na mimi niko na bato."

Bon. Kuanzia ile siku, hakuna mutu kandokando ya muto ambaye hakujua papa yangu iko wapi. Bokilo wake, ndiye papa ya mama yangu, alimuona anapita mbele ya kijiji chake bila kusimama kusalimia, akakasirika mpaka mavuno. Chef wa kijiji alikuwa anamutafuta kwa kazi ya barabara, sasa hana haja ya kumutafuta tena, anatazama tu mutoni. Na siku moja mama iko shambani, wakapita bamama wawili wakamuambia, bila kuulizwa: "Bwana yako amefunga mutumbwi kwa yule mujane wa kisiwani." Papa alisema alienda kumuuzia chumvi. Inawezekana. Ile jioni mama hakupika.

Mwishowe papa akachukua panga akaanza kukwangua ile rangi. Alikwangua na hasira, akakwangua na muti wenyewe, mutumbwi ukaanza kuingiza maji. Tangu pale mpaka ulipooza tulisafiri na kopo mukononi, mumoja anapiga kasia, mwingine anatoa maji. Kumbukumbu yangu ya kwanza ya kazi ni hiyo, kutoa maji.

Nimecheka ile habari maisha yangu yote. Nimeisimulia kwenye matanga, kwenye foleni, kwa wateja wangu nikiwabeba. Sikujua kwamba rangi ileile ingenifuata mpaka Kisangani na kukaa mulangoni pa mutoto wangu.

Maana mimi ni mutu wa toleka. Kwa yule ambaye hajafika kwetu, toleka ni baiskeli ya kubeba watu, na kiti cha sponji nyuma, na Kisangani ilikuwa ni mji wa toleka kabla pikipiki hazijatuharibia kazi. Shule nilifika mwaka wa tatu wa primaire. Mwalimu wetu akahamishwa, na mimi nikajihamisha. Kwa hiyo mutanisamehe nikiandika jinsi ninavyosema, sina namna nyingine. Nimebeba watu wa kila aina: mapadri, wanafunzi, mbuzi na mwenye mbuzi, mutu moja na kitanda chake. Magoti yalipokataa, niliacha kubeba, nikakaa chini kutengeneza baiskeli za wengine. Vyombo vyangu ni pompe, funguo, kipande cha msasa, gundi, na beseni ya maji. Kama hauna beseni, haufanyi hii kazi. Unajaza mupira upepo, unauzamisha ndani ya maji, na pale penye tundu panatoa povu.

Nilikuwa ninatengenezea mbele ya mulango wa kituo cha afya cha mutaa wetu, hapa rive gauche, ng'ambo ya mji mukubwa. Watu walifikiri nilichagua pale kwa sababu ya wateja. Haikuwa hivyo. Wateja wazuri wako kwenye kivuko. Nilikaa pale kwa sababu ya binti yangu.

Binti yangu huyu ndiye wa mwisho. Mumewe anatafuta almasi huko porini, anarudi akikumbuka. Mimba yake ya kwanza ilikuwa nzuri, haikumusumbua, alikuwa anauza pondu, majani ya muhogo, sokoni na tumbo lake mbele. Ile siku ya uchungu hakumuambia mutu. Alijifungia ndani ya nyumba yake tangu asubuhi. Mama yake alipita saa ya jua kali kumupelekea lituma, ndizi za kupondwa, akamukuta chini. Mutoto alikuwa amekwisha kupita na njia yake, hakupumua. Damu ya binti yangu ilikuwa imefika mulangoni. Mama mumoja jirani, mukunga wa zamani, ndiye aliyemukanda tumbo mpaka ikapungua, na sisi tukamuweka kwenye toleka yangu, mama yake akimushika kutoka nyuma, tukamufikisha kituoni akiwa mweupe kama muhogo uliomenywa.

Alipona. Baadaye kabisa, ameanza kula tena, nikamuuliza: "Mama" — kwetu binti tunamuita mama, kwa sababu huyu amebeba jina la mama yangu — "mama, kituo iko pale, mutu anatembea hata na uchungu anafika. Sababu gani ulijifungia?"

Akanitazama kama mimi ndiye mutoto. "Papa, ningeenda na nini? Kikwembe iko moja, na iko na tundu. Beseni sina. Ningelala pale katikati ya benzangu sawa mwizi?"

Sasa hapa ninapaswa kueleza, kwa sababu hata mimi mwanaume nilikuwa ninaona bila kuona. Kwetu mwanamuke anayeenda kuzaa anaenda na beseni yake. Ndani yake bikwembe vipya viwili, ndiyo vitenge vya kujifunga, sabuni, pamba, nguo ndogo za mutoto, poda. Wauguzi wanaiomba, ndiyo, lakini si wao wanaoogopwa. Wanaoogopwa ni bamama wa vitanda vya kushoto na kulia, na wageni wao. Kila mumoja anatazama beseni ya mwenzake. Na siku ya kutoka ni sikukuu: mama mupya anapakwa poda nyeupe shingoni na kifuani, ndugu zake wanaimba, beseni inatangulia juu ya kichwa cha dada yake, na mutaa wote unahesabu kilicho ndani kwa macho. Usipokuwa na kitu, bora ubaki nyumbani. Hakuna aliyesema hivyo kwa mudomo, lakini kila mwanamuke alijua.

Redioni niliwahi kusikia bwana mumoja, sauti nzuri, anaeleza kwamba bamama wa mitaa yetu wanazalia nyumbani kwa kukosa ufahamu. Nilikuwa ninakula, nikaacha. Ufahamu! Binti yangu alifahamu sana, ndiyo maana alijifungia. Malaria ya kwetu na ya ng'ambo ni moja, damu ni moja, uchungu ni mumoja. Lakini kule inamukuta mutu kando ya barabara ya lami, na shemeji mwenye gari. Sisi inatukuta na kikwembe yenye tundu. Basi. Nikahamisha pompe yangu na beseni yangu, nikaenda kukaa mulangoni pa kituo. Kwa kufanya nini? Sijui. Nilitaka tu, siku ingine, kuwe na mutu wake pale.

Ile beseni yangu ya zamani ilikuwa ya bati, na ikatoboka. Mutu wa kuziba matundu, na beseni yake iko na tundu, wateja walicheka wakachoka.

Alors, binti yangu akapata mimba ya pili. Na karibu wakati huohuo ikaja habari kwamba kuzaa imekuwa bure. Bure kabisa, kituoni, hata sindano, hata ikiwa ni kupasuliwa ng'ambo. Mama titulaire, ndiye muuguzi mukubwa anayeongoza kituo chetu, mwanamuke mwembamba mwenye sauti ya kuita mutu kutoka upande wa pili wa muto, alisimama mulangoni akatangaza mwenyewe. Na akaongeza: kwa bamama wasio na uwezo, kituo kitatoa na beseni, imejaa, tayari.

Nilisikia nikiwa nimeinama kwenye gurudumu. Niliacha gurudumu lizunguke peke yake.

Wakapita relais, ni wale watu wa mutaa wanaosaidia kituo, nyumba kwa nyumba, kutazama nani hana uwezo. Walitazama paa: la manjanja, ndiyo mabati, wanapita, la majani ya muchikichi wanaandika. Binti yangu akaandikwa. Na beseni zikafika, zimepangwa moja ndani ya ingine ndani ya pirogi ya motere, mutumbwi wenye injini, na zote, zote, zilikuwa rangi ya majani. Ile ya papa yangu kabisa. Walichagua ile rangi na akili nzuri: sokoni hakuna mutu anayeuza beseni ya ile rangi, kwa hiyo ikionekana inauzwa, wanajua imeibwa kituoni. Ni akili ya kweli, siicheki. Walifikiria mwizi. Hawakufikiria kichwa cha mwanamuke anayeibeba kutoka kituoni mpaka kwake, mchana, kupita sokoni.

Mama wa kwanza kuibeba hakufika mbali. Wauza samaki walimuona.

"Eeh, mama! Serikali imekuoa lini?"

"Na harusi tumekosa! Hata bia moja haukutuitia!"

"Umusalimie bwana yako ya Kinshasa. Mwambie atengeneze na barabara ya bokilo wake!"

Wote wanacheka, na yeye pia anacheka, kwa sababu utafanya nini, lakini mukono wake unavuta ile beseni kutoka kichwani, anaishusha mpaka kiunoni, anaifunika na kitambaa. Nilimuona na macho yangu, alipita mbele yangu. Baada ya wiki, "bibi wa serikali" ilikuwa jina. Mutu akitaka kumutukana jirani anamuambia: "Nenda kachukue beseni yako!" Watoto walikuwa wanaimba. Mama mumoja alitumia yake kulowesha maharage, na wageni wake wakauliza kama na maharage ni ya serikali.

Binti yangu aliichukua yake, maana relais walimupelekea mukononi. Kisha akaja kwangu na kifurushi ndani ya gunia, akakifungua chini, kando ya vyombo vyangu.

"Papa, tia mipira yako humu. Yako iko na tundu."

"Na wewe?"

"Miye nitazalia kwangu."

"Mama..."

"Papa, waache. Benyewe balinikuta na majani ya nyumba yangu, bakaniandika. Sasa banataka na kichwa yangu iandikwe?"

Akaenda. Vitu vya ndani alivibakiza, sabuni na bikwembe, aliviweka kwake. Beseni ikabaki na mimi. Na nitasema ukweli, ilikuwa beseni nzuri sana kwa mipira. Plastiki nzito, pana, mupira muzima unazama. Kila povu nililoliona mule ndani lilinikumbusha tumbo la binti yangu, na lile tumbo lilikuwa linakua.

Mke wangu aliacha kulala vizuri. Aliniambia nimuambie binti azalie kituoni. Nilimuambia. Nilimuambia taratibu, nilimuambia kwa ukali, nilimutuma bokilo wake mwanamuke, mama ya bwana yake, amuambie. Yeye anajibu "ndiyo, papa", na ule "ndiyo, papa" ninaujua, ndio ule nilikuwa ninamupa papa yangu wakati ananiambia nirudi shuleni.

Asubuhi moja mama titulaire alitoka kuja kuniomba pompe ya pikipiki yake. Akaiona beseni. Akaweka mikono kiunoni.

"Papa! Vitu ya mutoto, weye unatia humu mipira? Hauone haya?"

"Mwenyewe alinipa, mama. Hataki."

"Hataki! Tunabapa bule, banakataa. Miye nifanye nini, papa? Nibabebe kwa mugongo? Depot yangu imejaa beseni, sina tena mahali ya kuweka dawa!" Halafu akashusha sauti, maana hana roho mbaya. "Ni yule binti yako wa ile damu?"

"Ni yeye."

Alitazama mipira yangu ndani ya ile beseni, mupira mumoja ulikuwa unatoa povu, brr, brr, na sisi wawili tukautazama. Kisha akaenda bila kuchukua pompe. Siku chache baadaye akaita mukutano.

Mukutano ulikuwa chini ya hangari ya kituo, ile ya kupimia watoto. Mimi sikualikwa, lakini mulango uko wazi na masikio yangu ni mazuri kuliko magoti. Kila mutu alisema lake. Relais mumoja akasema tubadilishe rangi, tulete nyekundu. Mama mumoja muzee akacheka mpaka akakohoa: "Basi batatuita bibi wa nyekundu! Na majina itabaki ileile!" Mwingine akasema waipeleke usiku. Mwingine akasema watu wa soko wapigwe amende kwa kucheka, na hapo wote wakacheka, kwa hiyo ingewabidi wote kulipa.

Ndipo akasimama mama mumoja niliyemujua vizuri, kwa sababu nilimubeba miaka mingi na sponji yangu haikupenda. Ni wa zile familia za Waislamu za tangu siku za biashara ya zamani, yeye na mume wake wanauza bikwembe sokoni, meza mbili, na nyumba yao ina manjanja mapya. Tumbo lake lilikuwa limetangulia mbele kama la binti yangu. Huyu mama, nisimudanganye mutu, hawezi kuona kitu kinagawiwa na yeye akakaa. Kwenye matanga anaondoka na nyama iliyobaki, imefungwa vizuri.

"Miye niko na swali," akasema. "Ninakuya hapa consultation sawa benzangu. Banapima tumbo yangu, banapima ya mwenzangu. Yeye banamupa beseni, miye bananiambia tu kwaheri. Sababu gani? Tumbo yangu iko ya kikwembe?"

Hangari yote ikalipuka.

"Mama," akasema titulaire, "weye uko na duka muzima."

"Duka ni ya bwana yangu. Tumbo ni yangu." Wakapiga makofi. "Munatangaza bule, bule. Kama ni bule, munipe. Kama haina bule, ni ya bamasikini, museme wazi, kila mutu ajue. Lakini musipige ngoma mbili kwa mara moja!"

Akakaa, na kiti kikalia. Mzee mumoja wa comité, ile kamati ya kituo, akasema kumupa mwenye mali ni kuharibu, vitu havitatosha. Mpaka leo anasema hivyo, na hesabu yake si mbaya. Lakini titulaire alikuwa anamutazama yule mama kwa namna ingine. Akamuuliza, pole pole: "Mama, tukikupa, utaibeba? Hii ya rangi hii? Sokoni, juu ya kichwa?"

"Kitu yangu nibebe na nini, na miguu?"

Titulaire akaandika kwa wakubwa wake wa zone ya afya kuomba ruhusa. Tulingoja. Huo ndio wakati mubaya kuliko yote, kwa sababu ruhusa inatembea na miguu yake na mimba na miguu yake, na haziulizani. Nilikuwa ninamutazama binti yangu akija kuniletea chakula, ninatazama namna anavyotembea, miguu wazi, mukono mugongoni. Nilitaka kuomba Mungu amucheleweshe, halafu ninaogopa, nani anaomba mambo kama hayo?

Jibu likaja: sawa. Lakini vitu ni vilevile, hawataongeza. Basi wakafungua beseni zote wakapunguza: sabuni moja badala ya mbili, pamba kidogo, kikwembe kimoja. Na kila mwanamuke anayefika kituoni anapewa, wa manjanja na wa majani, bila kumutazama paa. Walionung'unika walikuwepo. Aliyekuwa apate bikwembe viwili sasa anapata kimoja, ana haki ya kununa. Mimi mwenyewe nilinuna kidogo kwa niaba yao.

Yule mama wa bikwembe akazaa mutoto wa kiume, mukubwa kama baba yake. Siku ya kutoka ninaikumbuka vizuri kuliko harusi yangu. Mume wake alileta pikipiki, mwanamuke akaikataa. Alitaka kutembea. Poda mpaka kwenye masikio, pete za dhahabu, dada zake wote wamevaa kikwembe cha namna moja, wanaimba, wanapiga vigelegele, na mbele yao dada mukubwa, na juu ya kichwa chake beseni ya rangi ya majani, imefunikwa na kitambaa cha maua. Wakashika njia ya soko. Mimi niliacha kazi, nikawafuata na baiskeli ya mutu mwingine.

Wauza samaki walifungua midomo. Mumoja akajaribu: "Eh, mama! Na weye serikali imekuoa?"

Yule mama akasimama katikati ya soko, akamugeukia. "Imenioa! Weye ilikukataa?"

Soko ilianguka kwa kicheko, na safari hii haikumuangukia aliyebeba beseni. Na kwenye meza ya pondu, katikati ya wauzaji, nilimuona binti yangu. Alikuwa anacheka na kitambaa mudomoni, mabega yanatikisika.

Kesho yake alikuja kwangu. Hakusalimia. Akashika beseni, akamwaga maji yangu yote, nusu juu ya miguu yangu.

"Papa, hii ni yangu."

"Chukua ingine ndani, mama, hii imeharibika!"

Tuliomba. Titulaire akasema hapana, kila mwanamuke moja, "weye ulishapata yako". Basi mke wangu akaisugua na muchanga, na majivu, na sabuni, na matusi. Gundi ilitoka. Ile mistari myeusi ya mipira haikutoka. Ilibaki imezunguka ndani kama pete.

Uchungu ulimushika mchana wa mvua. Nilikuwa nimejikunja chini ya kipande changu cha plastiki, sina wateja, ninamuona mutu anakuja katika mvua katikati ya barabara, na kitu cha rangi ya majani juu ya kichwa. Mutumbwi wa papa, nikafikiri, ninaapa. Ni yeye. Anatembea, mama yake nyuma anakimbiza mwavuli ambao haumufiki. Alipofika kwangu uchungu ukamukamata, akashika kiti cha baiskeli yangu na mikono yote, akainama. Beseni haikuanguka. Bamama wetu wanajua kubeba.

"Papa, usinitazame."

Nikatazama muto. Uchungu ulipopita, akaingia ndani.

Nitafupisha, kwa sababu mimi nilikuwa nje. Nilisikia mutoto. Nikasimama. Halafu nikasikia sauti ya titulaire, ile ya kuvuka muto, inaita sindano, na miguu inakimbia kwenye sakafu, na mke wangu akatoka mulangoni, mikono kichwani: "Damu. Sawa ile ya kwanza." Nikashika nguzo ya mulango. Nilifikiria tu kwamba kwake nyumbani hakuna friji ya dawa, kwake kuna majani na mukeka, na kwamba hapa miguu inakimbia. Nilisikiliza ile miguu. Kwa kadiri ilivyokuwa inakimbia nilikuwa bado na binti.

Kisha ikatembea. Kisha titulaire akatoka anajipangusa mikono.

"Papa, unasimama kufanya nini? Kaa. Imekatika. Banalala, yeye na binti yake."

Nilikaa. Nilikaa palepale kwenye matope. Akatokea mteja mumoja anayesukuma toleka, ananikuta chini, mvua inaninyeshea, ninacheka peke yangu.

"Muzee, mupira wangu?"

"Lete."

"Beseni yako iko wapi?"

"Iko inazaa."

Nilitafuta lile tundu na mate, kidogo kidogo, kuzunguka mupira wote, kama tulivyofanya zamani. Nikaliziba. Sikumbuki kama alilipa.

Walipotoka, kulikuwa na jua. Poda shingoni, mutoto amefungwa vizuri, mke wangu anaimba vibaya kama siku zote, na jirani yetu, yule mukunga wa zamani, ndiye aliyetangulia na beseni. Mama mumoja aliyekuwa anangoja kupimwa akachungulia.

"Yako banaichoma na nini? Iko na mistari!"

"Hii?" akasema binti yangu. "Hii imeziba mipira ya Kisangani yote. Yako imefanya kazi gani?"

Titulaire alikuwa amesimama chini ya hangari, mukutano mwingine unaanza, nafikiri ilikuwa maneno ya visima vya maji. Akaniita: "Papa! Kuya ukae hapa na sisi. Comité inataka bazee benye kuwa na mudomo."

"Ninakuja," nikasema.

Nikafunga pompe yangu kwenye kiti cha nyuma na kamba ya mupira. Nikakusanya funguo, msasa, gundi, nikavitia mufukoni. Nikatazama kama nimeacha kitu: palikuwa na alama ya muviringo kwenye udongo, pale beseni ilipokuwa inakaa. Wale waliokuwa wanaimba walikwisha kufika kona, na yule aliyenikalisha pale mulangoni alikuwa kati yao. Nikasukuma baiskeli, nikapita mulango, nikashika njia ya kivuko, kwenye wateja wazuri.

Sikurudi.